Nyasi za Mama Mkwe

Kati ya Mwisenge na Bweri, ukiona kibao cha duka chenye herufi nene zilizowekewa kivuli, kama zinataka kutoka ukutani zije kukusalimia, usiulize fundi ni nani. Ni mkono wa Isidori. Saluni zote za njia hiyo zimechorwa kichwa kimoja, cha kijana mwenye njia ya nywele pembeni na macho ya kushangaa, na kichwa hicho ni cha mdogo wake wa Bunda, ambaye mpaka leo hajaulizwa kama anakubali. Wachoraji wengine hapa Musoma wapo, hatukatai. Hata mbuzi ana ndevu, lakini hatumwiti mzee.

Basi mtu huyo mwenye mkono wa namna hiyo, mke anaye, nyumba anayo. Haijapigwa plasta wala siling bodi, lakini bati limekaa. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: gemu. Na si gemu za simu, zile za kubofya pipi zipasuke. Yeye anapenda gemu za kompyuta, zile kubwa, zenye matrekta na mashamba na mawingu yanayotembea. Sasa kompyuta yenyewe hana. Ana kishikwambi.

Hapo watu walikuwaga wanacheka. Kwa watu wengi kishikwambi ni kile walichogawiwa walimu, kama simu iliyopanuliwa. Hiki chake kilikuwa ukoo mwingine: cheusi, kizito kama kigae, ndani kina Windows kamili kama ya ofisini. Alikipata kwa Alawi, muuza kompyuta zilizotumika pale Bunda mjini, na Alawi, mtu mwaminifu, alimwambia mapema kwamba kitafungua gemu yoyote, ila kufungua na kuchezeka ni mambo mawili. Kompyuta za wachezaji hasa zina kadi ya picha, mtambo wa pembeni ambao kazi yake ni kuchora tu. Hiki hakina. Ubongo uleule unaopiga hesabu ndio unaochora, kama mama anayesonga ugali huku mtoto yuko mgongoni na simu iko sikioni. Ukimtuma na maji, anaweka mwiko chini.

Isidori alijua dawa yake. Unaingia kwenye setingi, unashusha kila kitu. Vivuli, zima. Mawingu, zima. Maji kumetameta ya nini, zima. Nyasi, zima. Ile gemu yake ya shamba, ambamo mtu analima na kufuga, alikuwa ameishusha mpaka basi: nyumba kama viberiti, miti kama fagio, na ng'ombe wamesimama kwenye ardhi tupu ya kahawia, laini kama meza. Lakini ilikimbia bila kukwama. Kwa hilo alijisifu kuliko kwa vibao vyote, na ukimpita jioni akiwa amekiegemeza kishikwambi kwenye kopo la rangi, ilibidi usimame usifie kidogo ndipo uruhusiwe kwenda zako.

Halafu mama mkwe akavunjika mguu.

Boke ni mjane wa upande wa Buhemba kule Butiama, mwembamba, mrefu, mtu wa ng'ombe. Wapo wanawake wanaofuga kwa sababu mume aliacha mifugo. Huyu, mume ndiye aliyeikuta mifugo kwake. Alikuwa anamfuata mtamba mkorofi kando ya mashimo ya zamani ya wachimba dhahabu, jiwe likateleza, naye akateleza nalo. Hospitali ya mjini wakamfunga hogo jeupe la plasta toka gotini mpaka kidoleni, na daktari akasema huko kwenye mlima wa mawe asirudi kwanza. Akae mjini mpaka mfupa ushike. Akiukanyagia sasa utashika upande, na mwenye mguu wa upande hatamfuata ng'ombe tena.

Mjini Boke ana nyumba moja tu ya kufikia, ya binti yake Happyness. Na nyumba ya Happyness ndiyo ya Isidori.

Sasa hapo pana ugumu. Kwao mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawapeani mikono, hawali sahani moja, na wakikutana njiani kila mmoja anakumbuka ghafla alichosahau kichakani. Kulala chini ya paa moja ndiyo kabisa, hiyo ni habari ya kusimuliwa mpaka Bunda. Lakini Isidori hakuruhusu mtu ateseke kutafuta suluhu. Asubuhi ya kuletwa mama alibeba godoro lake, shati la kanisani na kishikwambi, akahamia stoo ya rangi. Stoo iko ukuta mmoja na chumba alicholazwa mama, ila mlango wake unatazama nje, na kwa hesabu yake nyumba ni mlango. Majirani walimcheka vya kutosha. Walimuuliza ametalikiwa na nani, na kama atapewa chakula au atajitegemea. Akawajibu kwamba mwanaume mwenye nyumba mbili Bweri yote ni yeye peke yake, waendelee na wivu.

Alijibu vile, lakini moyoni ilikuwa habari nyingine. Mama yake Isidori alifariki yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Amelelewa na mashangazi, leo huku kesho kule, na sura ya mama hana hata ya picha. Alipooa alisema moyoni, sawa, sasa nimepata mama. Mila ikamwambia, ndiyo, umepata, lakini usimtazame. Miaka yote ya ndoa alikuwa anamjua Boke kwa pindo la kanga na kisigino. Kwa hiyo mama huyo alipoletwa mpaka Bweri, kwake hakuwa mzigo. Alikuwa kama mgeni uliyemwalika kimyakimya zamani, ukakata tamaa, naye akafika.

Ila mgeni hakufika mzima. Boke alilala akatazama ukuta. Happyness akapika uji wa ulezi, ukapoa. Akatafuta maziwa ya mgando, yakarudi. Akakaanga sato mzima, jicho liko palepale, mama akasema ale mwenye njaa. Hakulalamika mguu. Alikuwa na sentensi moja tu, nirudisheni kwangu, na akiisha kuisema anarudi ukutani. Maana asubuhi ya Boke, tangu awe binti, huanza na kitu kinachomngoja: cha kukamuliwa, cha kufunguliwa, cha kufukuzwa kwenye mtama. Hapa Bweri alikuwa anaamka na hakuna kinachomngoja. Mwisho akachukua simu ya binti yake akampigia Wambura, ndugu wa marehemu mumewe, aje Jumamosi na gari.

Happyness akaja kulia mlangoni kwa stoo. Alisema mama akienda na mguu ule atakuwa kilema, na asipokula hata huko hatafika. Isidori alimsikiliza ameshika brashi. Chumbani haruhusiwi kuingia. Angembembelezaje mtu ambaye hata salamu haimfikii?

Jioni ile alikaa kitandani kwake juu ya makopo, jua bado lipo, akafungua gemu yake ili asifikiri. Nyumba haina siling bodi, kama tulivyosema, na maneno ya chumba hiki huruka ukuta yakatua chumba kile. Ng'ombe mmoja wa kwenye gemu akalia. Mlio mrefu, wa koo kavu.

Upande wa pili kitanda kikalia.

"Happy," sauti ya Boke ikasema, "huyo ng'ombe ni wa nani?"

Happyness alikuwa anakunja nguo. Alisema ni wa Isidori, mama, na mama akauliza tangu lini Isidori ana ng'ombe. Ikabidi aeleze kwamba si ng'ombe hasa, wako kwenye kishikwambi. Isidori alipunguza sauti, akaona aibu imempanda mpaka masikioni: mtu mzima, mkwe, anachezea ng'ombe jioni.

"Ana njaa huyo," Boke akasema. "Mlete nimwone."

Kishikwambi kikazunguka nje, kikapita mlango mkubwa, kikafika kitandani. Isidori akabaki stoo na sikio lake. Alisikia mkewe akimwonyesha mama pa kugusa, akasikia ng'ombe wakilia tena. Kisha kidole kikagonga kioo huku na huku, cha mtu anayekagua. Halafu mama akauliza, taratibu kabisa, kama kuna nyasi.

Happyness akapaza sauti kuuliza upande wa pili wa ukuta, na Isidori akaeleza kwa kirefu mambo ya setingi na ubongo mmoja na mama mwenye mwiko. Boke alisikia kila neno, bila shaka, maana hakuwa kiziwi, lakini kwa mila alisubiri binti yake arudie. Binti akarudia. Boke akasema kumbe binti yake alimwoza kwa mtu anayefugia kwenye sakafu.

Happyness akacheka, akamwambia mama, hizo ni picha tu.

"Najua ni picha, sijavunjika kichwa. Hata picha ya mtoto huiweki juani."

Neno hilo lilimwingia Isidori kama msumari kwenye mbao laini. Kesho yake alfajiri, kabla ya kazi, akaingia kwenye setingi akawasha nyasi. Zote. Zikaota, jani mojamoja, kila jani na upepo wake, mpaka mwenyewe akasema loo. Akakipeleka kishikwambi kwa mkewe, akashika ngazi yake akaenda Mwisenge kifua mbele.

Aliporudi alikuta kesi. Ng'ombe wa mama walikuwa wagonjwa. Happyness alisimulia, nusu anacheka nusu anaogopa: kwamba ng'ombe walianza kutembea kwa kushtukashtuka, mguu unainuka haushuki, wanasimama, wanaruka mbele, wanasimama tena. Mama akatazama muda mrefu. Kisha akaweka kiganja mgongoni mwa kishikwambi, akakuta kinaunguza. Akatoa hukumu. Wanatetemeka, hawaendi, na joto ni hili hapa, shika mwenyewe: hiyo ni ndigana. Wana kupe. Waondolewe malishoni leo hii wakaogeshwe, na aliyewanunua bila kuwaangalia masikio ni mzembe. Hapo kishikwambi kikazima chenyewe, na Boke akakifunika kanga.

Isidori alicheka mpaka akaegemea ngazi. Fundi mzima wa setingi, kishikwambi chake kimepimwa ndigana. Kisha mkewe akasema kitu kingine, kidogo tu. Mama alikuwa amekaa. Toka asubuhi ile mpaka kinazima, alikuwa amekaa, mgongo ukutani. Kilipozima akalala tena.

Kicheko kikaisha. Kesho kutwa ni Jumamosi.

Akampigia Alawi, Bunda. Alawi akamwambia bila kumficha kwamba hiyo ni bajaji na yeye anataka ibebe nondo. Nyasi nyingi hivyo zinataka kadi ya picha, na kadi ya picha haibandikwi kwenye kishikwambi kama kiraka. Achague, ng'ombe watembee au wale.

Ijumaa asubuhi Isidori alipanda ngazi na neno hilo kichwani. Siku hiyo alikuwa anachora kibao cha bucha, fahali amesimama juu ya kilima cha kijani, na alikuwa ameshakipaka kilima kijani kimoja kwa brashi pana, anapiga mistari michache huku na huku kwa brashi nyembamba. Vipigo kumi, ishirini, na mtu akisimama barabarani anaona malisho. Mkono ukasimama hewani. Tangu lini yeye, Isidori, alichora jani mojamoja? Hakuna mchora vibao anayefanya hivyo. Unatandika rangi, unagusa hapa na pale, jicho la mtu linamalizia lenyewe. Na kile kishikwambi cha watu alikuwa anakilazimisha kichore kila jani na upepo wake, kazi ambayo yeye mwenyewe angeikimbia.

Akamwacha fahali wa watu na miguu mitatu, akarudi Bweri mbio.

Maana gemu ile, alijua, chini ya ng'ombe imetandaza picha moja ya udongo, kama kapeti ya plastiki ya sebuleni. Picha yenyewe imekaa humo ndani kwenye mafaili, na hakuna aliyekataza mtu kuifungua na kuipaka rangi. Kapeti iwe ya kahawia, iwe ya maua, kishikwambi hakiongezewi mzigo. Alizima zile nyasi za upepo, akafungua picha ya udongo, akaanza kuchora kwa kidole. Alichora kama anachora kibao. Ilipokamilika aliituma kwa mlango mkubwa, akarudi stoo kungoja sifa.

Happyness aliifikisha kitandani, akaondoka kwenda sokoni kuuza samaki. Boke alibaki peke yake na kishikwambi. Na Isidori alibaki peke yake na sikio. Hakuna mtu wa katikati wa kubeba maneno. Muda ukapita, mtu akakohoa kule.

"Wewe ukuta," Boke akasema, "mwambie mwenye ng'ombe hizi ni nyasi za kwenye bucha."

Isidori alisimama, akakaa. Kisha naye akakohoa.

"Ukuta, muulize mama, za kwao zikoje?"

Ukuta ukauliza. Na Boke akaanza kueleza, kwanza kidogo kidogo, kisha kama mtu aliyefunguliwa zizi. Akaueleza ukuta kwamba nyasi za mlimani mvua ikishapita si kijani. Juu ni njano ya katani, chini kwenye shina ndiko kijani kimejificha, na ng'ombe mwenye akili anajua. Karibu na mawe ni ndefu, kwa sababu mdomo haufiki. Bondeni pana ukoka, mfupi, mzito, hapo ndipo ndama wanalala. Na njia je? Mbona hakuna njia? Ng'ombe ana njia yake, nyembamba, inapinda hata pasipo na kitu cha kukwepa, maana bibi yake alikwepa kitu hapo. Mtu asiyejua njia za ng'ombe anachora nini?

Akamgombeza. Alimgombeza kupitia matofali mchana kutwa, hapa umezidisha, hapo umeharakisha, hilo jiwe gani limekaa kama sufuria. Kishikwambi kilikuwa kinazunguka nyumba: Isidori anakiweka kizingitini kwa mama, anakohoa, anageuka, fimbo ya kutembelea inakivuta ndani, baadaye inakisukuma nje. Naye anarudi stoo kurekebisha, kidole kimepata moto, na uso wake, lau ungeuona, ulikuwa wa mtu anayepewa zawadi. Mashangazi walimgombezaga, ndiyo, lakini wao walikuwa wanamgombeza mtoto wa marehemu. Huyu alikuwa anamgombeza yeye.

Jumamosi Wambura akafika na pikapu ya kuazima, nyuma ametandika godoro. Ni mtu mpole mwenye kofia. Aliwasalimia wote, Happyness akiwa tayari amejifunga kitambaa kwenda sokoni, macho mekundu, na akaingia chumbani kusema gari iko tayari.

Isidori alikuwa nje, anakoroga kopo la rangi ambalo halikuwa na haja ya kukorogwa.

Kupitia dirishani alisikia Boke akimwambia Wambura asiongee kwanza, aje atazame. Wambura akatazama. Ng'ombe walikuwa wanashuka mteremko mmoja mmoja kwenye njia yao inayopinda, nyasi za katani huku na huku, bila kushtuka wala kusimama. Wambura akauliza hapa si kule juu kwetu, upande wa mawe? Boke akasema ndiyo, ila lile jiwe la pembeni bado limekaa kama sufuria.

"Sasa, shemeji, twende?" Wambura akauliza.

"Wale wangu leo nani kawapeleka mtoni?"

"Kijana wa Mugeta."

"Basi wana mtu." Akakivuta kishikwambi karibu. "Wambura, mtu amekaa akanichorea mlima wangu kwa kidole. Nikipanda gari sasa hivi nitakuwa nimemwambia nini? Godoro lirudi. Mguu ukipona nitakuita."

Happyness alitoka pale mlangoni akakimbilia sokoni bila kuaga mtu, anacheka na kufuta pua kwa kitambaa kilekile. Isidori aliendelea kukoroga. Ikabidi aweke kopo chini kwa sababu rangi ilikuwa inamrukia.

Halafu sauti ya Boke ikasikika tena, ya kawaida kabisa, ikimuuliza Wambura kama katika nyumba hii kuna kitu cha kula.

Sasa mpishi ameenda sokoni. Wambura akatoka, akamtazama Isidori, Isidori akamtazama Wambura. Mkwe kumpikia mama mkwe, hilo nalo halimo kwenye mila ya mtu yeyote, si kwamba limekatazwa, ni kwamba hakuna aliyewahi kufikiria kulikataza. Isidori akanawa rangi mikononi, akawasha jiko la mkaa, akasonga ugali wa udaga, unga wa muhogo. Tuseme kweli, mkono ule unaochora herufi zenye kivuli haujui mwiko. Ugali ulikuwa na mabonge, na pembeni ulikuwa umeungua kwa heshima. Akaupakua na mchuzi uliobaki wa furu, vile visamaki vya ziwani, akaubeba mpaka kizingitini, akauweka chini, akakohoa, akageuka.

Wambura akauingiza. Alionja tonge moja kwa adabu, akasema yeye alikula njiani.

Isidori alikaa juu ya ndoo yake, mgongo kwa mlango, anasikiliza kijiko cha mchuzi kikigonga sahani. Ilichukua muda. Kisha fimbo ikaisukuma sahani mpaka kizingitini, ikasimama hapo.

Akageuka akaitazama. Ilikuwa nyeupe, hata bonge moja halikubaki. Akaiokota, akaenda kusonga mwingine.